Balbu za LED zisizowasha taa ya onyo: kipi ununue, kipi uache

Gari halioni mwanga. Kompyuta yake haijui kama taa ya breki inang'aa au la. Inachopima ni umeme unaopita kwenye waya. Balbu ya kawaida ya wati 21, ile ya breki na indiketa, hula takriban ampea 1.75 kwenye volti 12. LED yenye mwanga wa kutosha hula sehemu ndogo tu ya hapo. Umeme ukishuka kiasi hicho, kompyuta inaamua kwamba balbu imeungua na dashibodi inatoa onyo. Kwenye indiketa, dalili yake ni kupepesa kwa kasi isiyo ya kawaida.

Kwa hiyo dawa zote zinazouzwa zimegawanyika mara mbili: zinazoidanganya kompyuta kwamba balbu ya zamani bado ipo, na zinazoiambia iache kukagua. Ukilielewa hilo, muuzaji atapata kazi kukuuzia usichohitaji.

Kabla ya kutoa hata senti, chomoa balbu moja ya taa ya namba, kisha washa swichi na taa ndogo. Dashibodi ikikaa kimya, gari lako halikagui taa hiyo, na LED ya kawaida isiyo na mbwembwe inakutosha. Rudia kwa kila aina ya taa unayotaka kubadili, maana yapo magari yanayokagua breki tu na kuziacha nyingine. Indiketa zina mambo yake: hata gari kuukuu lisilo na kompyuta ya taa hupepesa haraka balbu moja ikikosekana.

Nafasi ya kwanza: LED yenye mzigo wake ndani. Hizi ndizo zinazoandikwa CANBUS kwenye boksi, jina la mtandao wa waya unaounganisha kompyuta za gari. Ndani yake kuna resista ndogo zinazokula umeme wa ziada ili jumla ikaribie ya balbu ya zamani. Kwa taa ndogo za W5W, balbu za kuchomeka zisizo na kichwa cha chuma, na zile za mrija za C5W zinazokaa kwenye taa za namba na za ndani, anza hapa na huenda usihitaji kingine. Unachomeka, basi.

Tatizo ni kwamba neno hilo kwenye boksi halina mlinzi. Kiwanda chochote kinaweza kulichapa. Na ule umeme wa ziada hauendi popote ila kugeuka joto ndani ya kitu kidogo kuliko kidole. Iliyotengenezwa vizuri ina mwili wa alumini wa kutoa joto hilo, na mtengenezaji ametaja wati inazokula kweli, si wati za mwanga inazodai "kulingana nazo". Ya ovyo hupunguza umeme ikishapata moto, na ndiyo maana onyo hutokea dakika kumi baada ya wewe kushangilia. Funga balbu, washa taa kwa dakika ishirini injini ikiunguruma, ndipo urudishe vifuniko. Nunua jozi moja kwanza, kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa.

Angalia pia jambo hili: magari mengine hukagua hata taa ikiwa imezimwa, kwa kutuma mipigo mifupi ya umeme. Uzi wa balbu ya zamani hauwahi kupata moto kwa mpigo huo, lakini LED huitikia papo hapo. Ukiona taa inamulika kwa mbali huku swichi imezimwa, usidhani waya umegusana. Balbu hiyo haikutengenezwa kwa ukaguzi wa namna hiyo.

Nafasi ya pili: rilei ya LED, kwa indiketa tu. Rilei ni kifaa kinachoiwasha na kuizima indiketa. Kama gari lako lina rilei ya indiketa inayochomoka, hii ndiyo njia safi kuliko zote. Rilei ya kielektroniki hupepesa kwa mwendo uleule hata balbu ikila umeme kidogo, na mwendo si wa kubahatisha: kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari zinataka mara 60 hadi 120 kwa dakika. Mlio wa tiki-tiki usikudanganye kwamba rilei ipo. Magari mengi ya kisasa huucheza kwenye spika. Tazama mchoro wa fyuzi katika kitabu cha gari, kisha linganisha idadi na mpangilio wa pini. Katika Golf ya kizazi cha nne, kwa mfano, rilei imefichwa ndani ya swichi ya hazadi.

Nafasi ya tatu: kuibadili kompyuta yenyewe. Hufanywa kwa programu: VCDS kwa familia ya Volkswagen, FORScan kwa Ford, BimmerCode kwa BMW. Si magari yote yanayokubali. Panapowezekana, joto halipo na waya haukatwi. Ningeipa nafasi ya juu zaidi kama isingekuwa na gharama hii: ukizima ukaguzi, siku taa ya breki inakufa kweli hutaambiwa. Kwa taa ya namba sijali. Kwa breki nisingefanya.

Nafasi ya nne: resista za nje. Zile za dhahabu za ohmu 6, wati 50, zinazofungwa sambamba na balbu. Zinafanya kazi, hilo halina ubishi. Ila piga hesabu: kwa volti 13.8, ohmu 6 hupitisha ampea 2.3, yaani karibu wati 32. Umeondoa balbu ya wati 21 ili uokoe umeme, ukaweka kitu kinachokula zaidi yake! Kwenye indiketa joto hupumzika kati ya mpepeso na mpepeso. Kwenye breki au taa ndogo halipumziki, na resista inaweza kukuunguza vidole. Ifungwe kwa skrubu kwenye bati la bodi, mbali na plastiki, zulia na nyaya. Gundi haitoshi.

Rangi: nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, nyuma ya kioo cha machungwa weka ya machungwa. Nyeupe nyuma ya nyekundu hutoa uwaridi uliofifia. P21W (balbu ya wati 21 isiyo na rangi) na PY21W (ya machungwa) haziingiliani kwa sababu pini zimepishana kwa makusudi, na C5W pima urefu kwanza, maana zipo za milimita 36, 39 na 41. W5W ikigoma kuwaka, igeuze. LED ina chanya na hasi.

Taa kubwa za mbele, zenye balbu za H4 na H7, sijazipa nafasi yoyote. Kioo chake kimechongwa kufuata mahali hasa uzi wa balbu ya halojeni, ile ya kawaida, ulipo, na chipu ya LED ikikosea kidogo tu, mwanga unamwingia machoni anayekuja mbele. Mwaka 2020 Osram ilipata kibali cha LED ya H7 kwa barabara za Ujerumani, tena kwa orodha ya magari yaliyopimwa moja moja. Kama gari lako halimo kwenye orodha ya namna hiyo inayotambulika mahali unapoendesha, baki na halojeni nzuri.