Kibadilisha joto cha mabamba kwa hoteli yenye tangi la paa: joto safi, presha balaa

Mwenye hoteli ya ghorofa tatu Kisumu, au hosteli ya wanafunzi Nakuru, akitaka maji moto kutoka boila moja, siku hizi huuziwa kibadilisha joto cha mabamba yaliyolehemewa kwa shaba: maji ya boila hupita upande mmoja wa kila bamba na ya kuogea upande wa pili, joto linahama bila maji kuchanganyika. Ni kidogo, mtu mmoja anakibeba, na hakihitaji chumba kikubwa. Kwa kazi ya kupasha maji hatuna neno. Kwa presha tunayo mengi.

Kwanza kile kinachofanya vizuri. Maji hupita katika nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya mabamba yenye mikunjo, yakivurugwa njia nzima, ndiyo maana joto linahama haraka. Kupasha lita 1 kwa sekunde kutoka nyuzi 25 hadi 55 ni kilowati 126 hivi. Nakuru iko juu na maji yake huingia baridi zaidi. Yakiingia kwa nyuzi 19, kazi hiyo hiyo inadai kilowati 151. Kwa hiyo kipimo kilichotosha Milimani ya Kisumu kinaweza kuwa kidogo Milimani ya Nakuru.

Ila mvurugo huo huo ndio unaokula presha. Chukua kifaa ambacho karatasi yake ya vipimo inasema kinapoteza bari 0.3 (bari ni kipimo cha presha) kwa lita 1 kwa sekunde, yaani takriban shawa sita au saba zikiwa wazi pamoja. Upotevu hupanda karibu na mraba wa mtiririko: kwa lita 1.5 ni kama bari 0.68, kwa lita 2 ni bari 1.2. Sasa angalia paa. Mita 10 za maji ni karibu bari 1, basi shawa ya ghorofa ya juu iliyo mita 4 chini ya usawa wa maji tangini ina bari 0.4 tu. Kibadilisha joto kikishachukua 0.3, inabaki 0.1, na kona za paipu bado hujazihesabu. Wageni wa chini wanaoga vizuri. Wa juu wanapiga simu mapokezi.

Balaa la pili liko kwenye miksa, bomba linalochanganya maji moto na baridi. Maji baridi yanafika na bari 0.4 kamili, ya moto na 0.1, basi baridi inasukuma moto kurudi nyuma kwenye paipu. Weka valvu za kuzuia maji kurudi kwenye njia zote mbili, ingawa hazirudishi presha iliyopotea. Dawa ni pampu ya kuongeza presha inayolisha baridi na moto pamoja, ili pande zote mbili zianzie sawa. Au gawa mzigo: vibadilisha joto viwili sambamba, kila kimoja kinapata nusu ya mtiririko na upotevu unashuka hadi karibu robo. Ukivifunga kimoja baada ya kingine, umeuongeza maradufu. Kuongeza mabamba nako kunasaidia, mradi midomo ya kuingizia na kutolea maji si myembamba: kwenye mdomo wa inchi moja, lita 1.5 kwa sekunde ni kasi ya mita 3 kwa sekunde, na hasara hiyo haiondoki hata ukiongeza mabamba mia.

Kupima, usikubali fundi asome geji bomba zikiwa zimefungwa. Maji yasipotembea hakuna upotevu, geji zote mbili zitasoma sawa hata kifaa kikiwa kimeziba karibu chote. Fungua shawa, pima mtiririko kwa ndoo na saa, kisha soma kabla na baada ya kifaa. Ni bora kutumia geji moja inayohamishwa pande zote, maana mbili za bei nafuu zinaweza kutofautiana kwa bari 0.2 zenyewe. Tofauti ya siku ya kwanza iandike ukutani. Ikipanda kwa nusu na mtiririko ni ule ule, kuna uchafu. Upotevu ukibaki pale pale lakini maji yakitoka vuguvugu, tazama upande wa boila kwanza.

Kwa maji ya ziwa au ya mto wakati wa mvua, chujio la tundu la milimita 1 au dogo zaidi ni lazima, na liwe mahali panapofikika, si nyuma ya tangi. Nakuru, mchanga wa kisima na kutu ya paipu za zamani ndio maadui. Floridi ya maji ya Nakuru inaharibu meno, haizibi mabamba.

Hiki cha kulehemewa hakifunguliki. Kisafishwe kwa asidi ya sitriki asilimia 5, ikizungushwa kinyume na mwelekeo wa kawaida, kwa mtiririko wa mara 1.5 ya ule wa kazi, kisha kisuuzwe kwa maji yenye magadi ya kuokea. Asidi ya haidrokloriki hula chuma cha pua. Ukijua maji yako ni machafu kila msimu, lipa zaidi upate cha gasketi, ambacho mabamba yake yamezibwa kwa mpira na kubanwa kwa bolti: kinafunguliwa, mabamba yanapigwa brashi, kinafungwa tena kwa kukaza bolti kwa mshazari hadi rundo la mabamba lifikie urefu ulioandikwa kwenye kibandiko. Kikikazwa zaidi ya hapo mabamba yanabonyea.

Jambo linalosahaulika: ukiwa na valvu ya kuzuia maji kurudi, na bomba zote zimefungwa huku boila ikiendelea, maji yaliyonaswa ndani hupanuka kama asilimia 1.4 kutoka nyuzi 25 hadi 60. Hayana pa kwenda, na presha hupanda ghafla. Weka valvu ya usalama kati ya kifaa na valvu ya kufungia.

Kwa hoteli yenye pampu na chujio, tunakipendekeza bila wasiwasi. Kwa tangi la paa pekee, hapana. Na muuzaji akikutajia kilowati tu, mwambie akupe pia upotevu wa presha wa pande zote mbili, kwa mtiririko wako wa saa kumi na mbili asubuhi.