Filta ya bendi mbili kwa kupiga picha za nebula ukiwa uani, uzoefu wangu

Jamani hii filta nimekaa nayo msimu mzima kwenye kibanda changu cha uani, kile cha paa la kusukuma, kwa hiyo sasa naweza kuongea. Ni zile za bendi mbili, yaani inapitisha mwanga wa haidrojeni kwenye nanomita 656 na wa oksijeni kwenye 501 hivi, vingine vyote inavizuia, na yangu kila bendi ina upana wa nanomita 7. Naitumia na kamera ya rangi ya kawaida, darubini ni f/6, yaani urefu wake wa fokasi ni mara 6 ya kipenyo chake.

Kwa nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi huko angani, zile zinazowaka zenyewe kama Rosette au Carina, hii kitu ni balaa. Gesi pale inachochewa na nyota changa zenye joto kali, halafu inatoa mwanga kwenye rangi chache tu, wakati hizi taa za LED za mtaani zinamwaga kila rangi, basi ukibakiza zile bendi mbili taa zinapungua mno na nebula inabaki karibu vilevile. Bila filta, picha za uani kwangu zilikuwa zinajaa weupe mapema tu. Nikaifunga nikapiga Rosette, ekspoja moja ya dakika 5 (kamera imekaa wazi ikikusanya mwanga muda wote huo), sijaunganisha picha nyingi kuwa moja bado, na kwenye laptop naona duara zima, tundu la katikati na vile vidoti vyeusi vya vumbi vimejipanga upande mmoja. Nilicheka peke yangu.

Kasoro zipo. Nyota kali zinavaa duara la ukungu, Alnitak pale jirani na nebula ya Kichwa cha Farasi ndo mbaya zaidi, farasi mwenyewe katoka safi ila ile nyota imekaa kama taa kwenye mvuke na kuisafisha kwenye kompyuta ni kazi ya jioni nzima. Nyota pia zinatoka na rangi za ajabu, mimi huwa naivua filta napiga ekspoja fupi fupi za nyota tu halafu naziunganisha baadaye kwenye Siril, programu ya kompyuta ambayo ni ya bure na inakutenganishia haidrojeni na oksijeni.

Usitegemee ikusaidie kwa Kilimia, lile kundi la nyota. Ule ubluu ni vumbi linalorudisha mwanga wa nyota, sio gesi inayowaka, na filta inaukata pamoja na taa. Galaksi ndo hivyo hivyo. Wenye darubini za f/2 nao waangalie, miale inaingia kwa pembe kubwa na bendi inahama, mtafute zilizotengenezwa kwa ajili hiyo.

Mbalamwezi je? Haidrojeni inavumilia hata mwezi mpevu, oksijeni haitaki kabisa.

Ila kama stendi yako bado haifuati nyota vizuri, hela peleka huko kwanza, kamera ya kuongozea stendi ifuate nyota na kunyoosha mhimili wake uelekee ncha ya anga, maana filta inakulazimisha ekspoja ndefu na stendi ikiyumba utavuna mistari tu. Na ukishaifunga fokasi upya, usiamini fokasi ya mwanzo.

Mwezi ukipungua naipeleka kwenye nebula ya Helix, kule ndani oksijeni ni nyingi, nione hiyo bendi ya pili inafanyaje.