Mtoto wa jicho aliyekomaa: mashine au mkono?

Wapo wagonjwa wa Kongwa, Mpwapwa au Chamwino wanaofika kwa daktari lenzi ya jicho ikiwa tayari nyeupe pe, au ya kahawia na ngumu. Hapo ndipo ubishi huanza: lenzi hiyo itolewe kwa upasuaji wa mashine au wa mkono?

Kwa mashine, tundu ni la milimita 2.2 hadi 2.8, lenzi huvunjwa kwa mawimbi ya sauti, ikanyonywa. Jicho hupona haraka. Ila lenzi ngumu hudai nguvu nyingi, nayo huua seli za ndani ya konea (kioo cha mbele cha jicho), ambazo hazioti tena. Konea huweza kubaki na ukungu.

Kwa mkono, njia ya milimita 6 hadi 7 huchongwa kwenye weupe wa jicho, kiini cha lenzi kikatoka kizima. Ikichongwa vizuri hujifunga bila nyuzi. Ikiwa fupi mno, huvuja. Gharama ni nafuu, lakini konea hupinda zaidi, hivyo miwani huenda ikahitajika.

Utando unaofunika lenzi nyeupe upakwe rangi ya bluu kwanza, njia yoyote ile. Bila rangi, daktari haoni vizuri ukingo wa utando anaouchana, na mchano huweza kukimbilia pembeni.

Lenzi bado laini na bima inalipa? Mashine. Kahawia iliyokolea, au konea dhaifu? Mkono, tena wa aliyezoea.