Uzoefu wangu wa kuweka samani kwenye ramani kwa bloku za AutoCAD

Kuna chumba kimoja cha kulala ambacho kila nikikikumbuka roho inaniuma. Kilikuwa na milimita 3,000 toka ukuta hadi ukuta. Kwenye ramani niliweka kitanda upande huu, kabati la nguo upande ule, katikati kikabaki kijia cha milimita 550. Milango ya kabati, kila mmoja upana wa 450, ilifunguka bila kugusa kitu. Mteja akaridhika, fundi akajenga. Siku ya kuhamia kijia kilikuwa 300 tu. Nilikuwa nimechora godoro, urefu 1,900, wakati kitanda chenyewe na mbao zake za kichwani na miguuni kilifika 2,100. Kabati nalo nililichukua jinsi nilivyolikuta kwenye bloku ya kupakua, kina 550. La kweli lilikuwa 600. Mlango wa kabati ukawa unagota kitandani kabla haujafika nusu.

Tangu siku hiyo kuweka samani nimeacha kukuchukulia kama kupamba ramani. Samani ndizo zinazosema kama chumba kinatosha au hakitoshi, na kwa kazi hiyo AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, nimeipenda sana, ila lazima uiandae.

Bloku, kwa asiyezifahamu, ni mistari iliyofungwa pamoja ikapewa jina: kiti, meza, sinki. Unaandika INSERT, unachagua jina, unabofya pale unapotaka kikae. Raha yake unaiona siku mambo yanapobadilika. Niliwahi kuchora bweni la vitanda 48, mwenyewe akaja kutaka vitanda vyembamba zaidi. Nilifungua bloku moja kwa BEDIT, nikapunguza upana, nikahifadhi, na vyote 48 vikabadilika palepale. Ningekuwa nimenakili mistari mitupu, ningekesha.

Sasa vipimo. Mtu anayeanza hukutana na jambo hili mapema na kudhani programu imeharibika: anaingiza kochi la milimita 2,100, halionekani. Akikuza skrini analikuta limejikunyata pembeni, upana wake 83 hivi. Gawa 2,100 kwa 25.4 utapata jibu. Faili lake limewekwa kuwa la inchi ingawa yeye anachora akihesabu milimita, na AutoCAD inabadilisha kochi lifuate inchi. Mara nyingi chanzo ni kuanza na kiolezo cha acad.dwt badala ya acadiso.dwt. Andika INSUNITS uone namba: 1 ni inchi, 4 ni milimita. Usilivute kochi kwa SCALE, amri ya kukuza na kupunguza, mpaka lionekane sawa kwa macho. Rekebisha kipimo cha faili, kisha liingize upya.

Bloku za kupakua mtandaoni zimenichosha, na hapa nasema kwa uchungu kidogo. Nilipata seti moja ya vitanda vizuri mno, mito ina mikunjo, blanketi lina mashada pembeni. Kwenye skrini vilipendeza. Nilipochapisha kwa 1:100, kila kitanda kikawa doa jeusi. Ni hesabu tu: mistari iliyoachana milimita 20 huachana milimita 0.2 kwenye karatasi, na wino wenyewe una unene karibu na huo. Faili nalo lilikuwa zito, na orodha ya leya, yaani matabaka ya kutenganishia mistari ya mchoro, ikajaa majina nisiyoyajua. Nilijaribu PURGE, amri ya kufuta visivyotumika, lakini leya inayotumiwa ndani ya bloku haiondoki mpaka bloku yenyewe iondoke.

Kwa hiyo nikakaa nikachora zangu, kidogo kidogo, jioni baada ya kazi. Kila kitu nakichora kwenye leya 0, rangi ikiwa ByLayer, yaani ifuate leya. Ukifanya hivyo bloku haina ukaidi: ukiiweka kwenye leya ya samani inachukua rangi na unene wa leya hiyo, ukiihamishia leya nyingine inafuata. Nukta ya kuingizia naiweka nyuma katikati, pale kochi linapogusana na ukuta, ili kubofya kwangu kwa kwanza kulibandike mahali pake. Zamani nukta zilikuwa popote, kila kochi nililiingiza kisha nikalisogeza, mara mbili kazi ileile.

Kitu ninachokithamini kuliko vyote katika maktaba yangu ni mstari wa vitone kuzunguka kila samani. Unaonyesha nafasi ya kuitumia: mlango wa kabati ukiwa wazi, droo ikiwa imevutwa, kiti kikiwa kimerudishwa nyuma mtu ainuke. Nyuma ya meza ya kulia huacha milimita 750 kwa anayekaa, 900 kama kuna mtu wa kupita nyuma yake. Mistari hii ina leya yake peke yake isiyochapishwa. Mteja haioni, mimi naiona, na mistari ya vitu viwili ikipishana najua chumba kinadai kitu kipungue.

Bloku zinazobadilika umbo, zilizokuja na toleo la 2006, zinafaa kwa makabati: unavuta pembe, upana unaruka toka 900 hadi 1,200 hadi 1,500 bila kugusa kina. Kuzitengeneza kunahitaji subira, kuzitumia ni mteremko.

Wakati wa kuchapisha nazigandisha samani, yaani nazificha, kwenye dirisha moja la karatasi, lile linaloonyesha mchoro kwenye ukurasa wa kuchapa, na kuziacha kwenye jingine. Ramani ni ileile, faili ni lilelile. Mteja anapata yenye vitanda na viti, fundi anapata kuta na vipimo bila msongamano.

Kwa anayetaka kupanga nyumba yake tu, bila ramani ya kumpa fundi, humwambia aanze na Sweet Home 3D. Ni ya bure, unaburuta kabati toka kwenye orodha, likikaribia ukuta linajigeuza lenyewe na kuuegemea, na hapo chini unaona chumba kwa sura tatu. Lakini hata huko bofya mara mbili kila kitu uandike upana, kina na kimo cha samani uliyoipima kwa mkono wako.

Wiki iliyopita niliongeza mashine ya kufulia kwenye maktaba. Karatasi yake ilisema kina ni 600. Nilichukua tepu nikaenda kupima iliyokwisha kufungwa: bomba la maji nyuma na mlango uliotokeza mbele viliifikisha 670. Nimeichora 670.