Basenji: kabla hujatuma hela, jua kwanza alikotoka

Wadau habari zenu, niko hapa Ujiji na leo tunamchambua Basenji, maana inbox imejaa "kaka yule mbwa asiyebweka nampataje?"

Huyu hapa wa jamaa yangu, kamera sogea kidogo. Ona paji la uso, akisimamisha masikio makunyanzi yanatoka kama babu anasoma meseji bila miwani, mkia umejikunja mpaka mgongoni, kimo sentimita 40 hadi 43 hivi, kilo 10 au 11, mdogo kabisa.

Asili yake Kongo, ila usidhani ni hapo ng'ambo ya ziwa Kalemie, tunaongelea misitu ya kaskazini-mashariki huko, Ituri na kwingineko. Wambuti, watu wa misitu hiyo, wanawinda kwa nyavu, wanatandaza wavu mrefu msituni halafu watu na mbwa wanaswaga wanyama kuelekea huko, sasa huyu kwa vile habweki ukimwachia kwenye kichaka kinene humuoni wala humsikii, ndo maana wanamfunga kengele ya mti shingoni, ikigonga ko-ko-ko mwenye mbwa anajua yuko wapi na mnyama anakurupuka. Sio bubu lakini! Ana mlio wake wa ajabu, kama anaimba.

Wazungu walihangaika naye. Mwaka 1895 wawili walipelekwa Uingereza wakaonyeshwa Crufts, yale maonyesho makubwa ya mbwa, wakafa fasta kwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, mpaka 1937 ndo mama mmoja Olivia Burn akafanikiwa kuwaleta na kuwaonyesha. Tatizo ukoo wote wa huko ulitokana na mbwa wachache, magonjwa ya kurithi yakawaandama, hasa Fanconi inayoshambulia figo, basi mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani wakarudi tena Kongo, enzi hizo Zaire, kutafuta damu mpya.

Sasa wewe wa Mwanga hapa Kigoma unataka wa kulinda duka? Hapana aisee, mwizi atabeba mpaka mlango. Na amezoea kujiamulia porini, ukimwita anakusikia vizuri tu ila anatafakari kwanza. Kuku wa jirani ndo usiseme, andaa hela ya kulipa.

Afu mkia kujikunja sio cheti, mbwa wetu wa kienyeji wanao kibao. Muulize muuzaji jike lake linazaa mara ngapi, Basenji kwa kawaida anapata joto, yaani anakuwa tayari kupandwa, mara moja tu kwa mwaka, akikwambia kila miezi sita ana watoto wa mama yuleyule, rudisha simu mfukoni.