Nguo za baridi za watoto: meza ya mitumba ya Darajani baada ya majira mamoja ya theluji

Anayetafuta nguo za baridi kali mjini Unguja, ambako kipupwe ni cha kumvisha mtoto sweta alfajiri na kumvua kabla ya chai ya saa nne, anatafuta kitu ambacho muuzaji mwenyewe hajapata kukihitaji. Hayo yalinikuta Novemba iliyopita, nilipokuwa nikiwaandalia wanangu wawili, wa kiume wa miaka mitano na wa kike wa miaka mitatu, safari ya Uppsala nchini Uswidi, ambako baba yao anasoma. Sasa tumerejea nyumbani kwa mapumziko ya Julai na nguo zimeshapita baridi nzima, kwa hivyo ninaweza kueleza ni manunuzi gani ya hapa yaliyofaa na yepi yalikuwa hasara.

Nilianza vibaya, kwa sababu nilianza na makoti. Katika duka moja la nguo mpya mjini, ambalo sitalitaja, nilinunua makoti mawili ya watoto kwa shilingi 65,000 kila moja, yaliyotuna vizuri na kuonekana mazito. Koti la mwanangu wa kiume lilikatika zipu tukiwa bado nyumbani, siku ya nne ya kulijaribisha, na nilipoipasua bitana kidogo nikakuta sponji nyembamba ya aina ile inayowekwa kwenye mabega ya koti la suti. Niliporudi dukani nilioneshwa karatasi iliyobandikwa ukutani isemayo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilipompigia simu wifi yangu, aliyeishi huko miaka kadhaa, hakunipa pole hata kidogo. "Wifi, umejenga paa kabla ya msingi," aliniambia. "Anza na kinachogusa ngozi, koti liwe la mwisho." Kisha akanieleza mpango ambao ndio kipimo nilichotumia kwa kila kitu tangu siku ile: mtoto avae matabaka matatu, la kwanza la sufu nyembamba inayobana mwili, la pili la sweta au flisi (kitambaa laini na chepesi chenye manyoya mafupi) la kuhifadhi joto, la tatu la kuzuia upepo na maji. Kinachomtia joto mtoto ni hewa iliyonaswa baina ya nguo na nguo, kama ilivyo kwa sufuria ya wali iliyoviringishwa blanketi, na wala si uzito wa nguo yenyewe. Ndiyo maana sweta mbili nyembamba zilizoachiana nafasi hushinda moja nene iliyobana.

Wifi alinionya pia kwamba pamba haifai kugusa ngozi kwenye baridi, jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipolijaribu. Nililowesha fulana ya pamba na kipande cha sufu, nikavikamua sawasawa, nikaviweka kimoja kila mkono na kukaa mbele ya feni. Mkono wenye pamba ulipata baridi kwa haraka hata nikaona vinyweleo vinasimama, na mkono wenye sufu ulibaki na unyevu tu usiokera. Mtoto anayecheza hutoka jasho hata kwenye theluji, na fulana ya pamba ikishalowa hukaa mwilini kama kitambaa cha kumshusha mgonjwa homa. Fulana zote za pamba nilizokuwa nimezikunja tayari nikazirudisha kabatini.

Ndipo nilipokwenda kwenye meza ya mitumba ya watoto upande wa Darajani, ya kijana mmoja anayefungua robota mpya mara moja kwa wiki. Meza haina kibao wala jina, bei hazikuandikwa, hakuna pahala pa kumjaribishia mtoto nguo, na kuanzia saa tano jua linaingia moja kwa moja juu ya bidhaa na juu ya mteja. Nguo amezipanga kwa kukadiria kwa jicho, na hapo ndipo mnunuzi mwenye maarifa kidogo anapofaidika, kwa kuwa nguo za watoto za nchi za kaskazini ya Ulaya huandikwa saizi kwa urefu wa mtoto katika sentimita, zikipanda sita sita: 98, 104, 110, 116, 122. Mwenye meza alidhani ni namba za kiwanda. Nilikuwa nimeshawapima watoto kwa kuwasimamisha ukutani, wa kiume sentimita 108 na wa kike 96, nikachagua 116 na 104, yaani saizi moja ya mbele ya ile iliyowatosha barabara, ili pawe na nafasi ya sweta kwa ndani na ya kukua mpaka Machi.

Nilichokipata pale ni ovaroli mbili za theluji, vazi moja linaloanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, kwa shilingi 18,000 kila moja. Kwa watoto wa umri huu ovaroli ni bora kuliko koti na suruali, maana theluji haipati upenyo kiunoni mtoto anapojitupa chini, na atajitupa. Nilizikagua kwa utulivu ambao mwenye meza aliuvumilia kwa adabu. Nilibonyeza ujazo wa ndani mabegani na magotini kuona kama umejikusanya madonge, nikapandisha na kushusha zipu mara kumi, kisha nikaomba maji ya kunywa nikamwaga kidogo juu ya bega. Maji yalisimama matone matone na kuteleza. Kwenye miguu kulikuwa na mikanda ya lastiki ya kupitisha chini ya buti ili suruali isipande juu, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa umelegea. "Huo umekufa, bibie, nisikufiche," alisema kabla sijamuuliza, akapunguza shilingi 2,000. Ndani ya kola palikuwa na kibandiko chenye jina la mtoto wa watu, na mfukoni glavu moja ya kijani isiyo na mwenziwe. Inawezekana kabisa kwamba nguo ile ilikuwa inarudi kwao.

Sweta nne za sufu na jaketi mbili za flisi zilinigharimu kati ya shilingi 4,000 na 6,000 kila moja, na hapa meza ile haina mpinzani. Tahadhari ni moja tu: sufu iliyowahi kufuliwa kwa maji ya moto husinyaa na kuwa ngumu kama zulia, ikakosa ule ulaini unaonasa hewa, kwa hivyo inyooshe kwa vidole na uiache, na isiporudi, irudishe mezani.

Mabuti ya pale sikuyapenda, na ninamshauri mzazi asiyaguse hata akitajiwa shilingi 5,000. Raba ya soli iliyokaa muda mrefu kwenye joto hukauka, na nilipokunja buti moja niliona nyufa nyembamba kama nywele zikifunguka upande wa vidole. Kadhalika nguo za tabaka la ndani: zilizokuwepo zilikuwa za pamba au zimechakaa magotini, na vazi linalolala juu ya ngozi ya mtoto usiku na mchana mimi hulinunua jipya. Vitu hivi viwili tuliviacha vikanunuliwe Uppsala. Buti tulilipima kwa kusimamisha mguu ukiwa na soksi nene na kuacha nafasi ya sentimita moja na nusu hivi mbele ya vidole, kwani buti linalobana hunyima mguu hewa ya joto na damu ya kutosha.

Fundi cherehani wetu wa mtaani anastahili mistari yake. Kwa shilingi 7,000 alibadilisha lastiki iliyolegea, akashona vitanzi imara vya kutundikia ovaroli kwenye misumari ya skuli ya maandalizi, akaweka vipande vya majina, na kwa wazo lake mwenyewe akashona utepe unaong'aa kwenye migongo na mikono, niliomnunulia kwenye duka la vifaa vya pikipiki. Utepe huo nilikuja kuuthamini baadaye, kwa sababu katika Disemba jua la Uppsala huzama saa tisa kasoro robo alasiri na watoto hutoka skuli gizani.

Idadi tuliyoishia kwa kila mtoto ilikuwa ndogo: seti tatu za ndani, moja mwilini, moja kwenye kamba na moja kabatini, sweta mbili, flisi moja, ovaroli moja, kofia mbili za kufunika masikio, soksi za sufu jozi nne, na kizingo cha shingo cha kuvaliwa kichwani badala ya skafu, ambayo inaweza kunasa kwenye bembea. Glavu jozi tatu, zile zisizogawa vidole, ambazo vidole hupashana joto. Tatu si nyingi. Jozi ya kwanza ilipotea siku ya pili. Tulilolisahau ni nguo za mvua za plastiki, na lilikuwa kosa, kwa kuwa watoto wa skuli za maandalizi za huko hutolewa nje kila siku, na siku iliyowatesa wangu ilikuwa ile ya nyuzi moja au mbili juu ya sifuri, theluji ikiwa tope, kuliko siku kavu za nyuzi kumi chini yake.

Kwenye uwanja wa ndege wa hapa, joto likiwa la Disemba, ovaroli haivaliki. Nilizifunga zote mbili kwa kanga, nikazikaza mpaka zikawa kirobota cha kuingia kwenye begi la mkononi, nikazifungua kwenye ndege ilipokaribia kutua.

Ovaroli ya mdogo imemaliza baridi ikiwa nzima, na ya kaka yake imechanika kidogo goti moja. Sweta zote zipo. Wiki iliyopita nilirudi kwenye meza ile kutafuta saizi za mwaka huu, nikakuta pamechanganyika zaidi kuliko mwanzo na bei imepanda kufikia 22,000, ingawa mwenye meza alinikumbuka kwa yale maji ya begani na akanitolea chupa kabla sijaomba. Nilichukua 122 ya mkubwa. Ovaroli ya buluu ya 110 niliiacha kwa sababu binti yangu atavaa ile ya kaka yake ikishatiwa kiraka. Zipu ya hiyo ya buluu imepungua meno mawili karibu na kifundo cha kulia, kazi ambayo fundi huimaliza kwa nusu saa, na atakayefika kabla ya saa nne asubuhi huenda akaikuta.