Kalorimita ya vikombe vya stairofomu: kwa uwiano wa moli inatosha, shida ni kipimajoto chake

Kalorimita ni chombo cha kupimia joto la mmenyuko; hapa tunaitumia kutafuta moli ngapi za besi humenyuka na moli moja ya asidi. Seti yenyewe ni ile ya kawaida ya maabara za shule: vikombe viwili vya stairofomu vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine, kifuniko chenye matundu mawili, kikorogeo cha plastiki, na kipimajoto cha kioo chenye mistari ya nyuzi 1. Vikombe vinastahili sifa. Kipimajoto kirudishe kabatini.

Chukua hidroksidi ya sodiamu (soda kali, ndiyo besi yetu) 1.0 M, yaani moli 1 kwa lita, na asidi ya sitriki 1.0 M. Jumla ya ujazo iwe mililita 60 kila mara, ubadilishe mgawanyo tu: besi 10 kwa asidi 50, kisha 20 kwa 40, 30 kwa 30, 40 kwa 20, 45 kwa 15, 50 kwa 10, 55 kwa 5. Joto hupanda zaidi kwenye 45 kwa 15, nyuzi 9 hivi, nao ndio uwiano wa moli tunaoutafuta, 3 za besi kwa 1 ya asidi. Kwa kuwa ujazo haubadiliki, kikombe hula sehemu ileile ya joto katika kila jaribio. Vipimo vyote vinapungua kwa kadiri moja na kilele kinabaki palepale. Ndiyo maana kikombe cha bei rahisi kinafanya kazi hii vizuri. Ukitaka kiasi chenyewe cha joto, kilojuli kwa moli, hapo sasa kitakupunja.

Tatizo la mistari ya nyuzi 1 ni hili: kati ya 40 kwa 20 na 45 kwa 15 tofauti ni kama nyuzi 1 tu. Ukikisia nusu mstari, kilele kinahama. Nunua cha digitali kinachosoma hadi 0.1. Hata kikidanganya kwa nyuzi 1 nzima si neno, maana tunatafuta tofauti, mradi kipimajoto hichohicho kipime besi, asidi na mchanganyiko.

Joto la kuanzia huwaponza wengi. Hidroksidi ya sodiamu hupata joto inapoyeyushwa majini, kwa hiyo iandae mapema ipoe kabisa. Kama besi iko nyuzi 25 na asidi 23, mwanzo wa jaribio la 45 kwa 15 ni 24.5, si 23. Ukitumia 23 umejiongezea nyuzi 1.5 za bure. Kwenye grafu ya ongezeko la joto dhidi ya ujazo wa besi utaligundua kosa hili haraka, maana mstari wa upande wa besi nyingi hautashuka hadi sifuri.

Kuhusu grafu: usiunganishe nukta kwa mkunjo. Chora mistari miwili iliyonyooka, mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka, usome pale inapokatana.

Kosa ambalo hakuna kikombe kitakachokuokoa nalo ni la mkusanyiko, yaani moli kwa lita. Asidi ya sitriki huuzwa ikiwa kavu, gramu 192 kwa moli, au ikiwa na maji ya fuwele, gramu 210. Ukipima gramu 192 za ile yenye maji ukadhani umepata 1.0 M, jibu lako litakuwa 2.7 badala ya 3. Soma lebo. Ujazo nao upimwe kwa bureti. Silinda kubwa ya kupimia haifai kwa mililita 5.

Kasoro ndogo za seti: kikombe ni chepesi, kipimajoto kirefu hukipindua, basi kisimamishe ndani ya bika ya mililita 250. Mililita 60 ni kina kifupi, kwa hiyo hakikisha ncha imezama bila kugusa kitako. Kausha kikombe na upande wa chini wa kifuniko kila baada ya jaribio, matone hujificha hapo. Na vaa miwani, soda kali hula macho.

Wengine hutumia dawa ya kufulia ya klorini pamoja na thiosulfati ya sodiamu yenye soda kali kidogo, ambapo uwiano ni 4 kwa 1. Mmenyuko ni mzuri, joto linaonekana, lakini dawa hiyo hupoteza nguvu ikikaa. Ikipungua kwa asilimia 20 bila wewe kujua, utapata 5 kwa 1 safi kabisa, grafu inapendeza na jibu si sahihi. Na usiifanye siku moja na ile ya sitriki kwenye meza moja: dawa hiyo ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini.